Kaseti Moja kwa Kompyuta Sitini: Nakala Rudufu za Ofisi za Simiyu Zikae Wapi?

Kila ofisi yenye kompyuta zaidi ya ishirini hufika siku ya kuulizana: mafaili haya yote, ikipiga radi, ukitokea moto au vikiingia virusi, tutayapata wapi? Swali likitua mezani, majibu huwa matatu, na kila mmoja hulitoa la kwake kwa uhakika. Wa kwanza atataka inunuliwe mashine ya tepu, iunganishwe na mtandao wa ofisi, kila kompyuta imwage mafaili yake humo usiku. Wa pili atacheka: tepu ni za enzi za redio kaseti, nani anahangaika nazo leo? Wa tatu atafunga mjadala kwa kusema mifumo yote iko Dodoma na Dar es Salaam, hapa hakuna cha kutunza. Kikao kinaahirishwa, na mafaili yanabaki yalipokuwa, kwenye diski moja ndani ya kompyuta iliyo chini ya meza.

Simiyu ni mahali pazuri pa kulichambulia jambo hili. Mkoa ulianzishwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi, na una halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, wengi wao watu wa pamba na mifugo. Umri mdogo wa mkoa una uzito katika mada hii, kwa sababu ofisi zake zimekua pamoja na kompyuta. Andiko la mradi, ramani ya viwanja, orodha ya wanufaika, vyote huanza vikiwa mafaili. Karatasi, pale ilipo, ndiyo nakala; faili ndilo asili.

Nitakachokitetea hapa ni kwamba wanaobishana kama tepu ni ya kale au ya kisasa wanabishania jambo lisilo na uzito. Mashine moja ya tepu inaweza kweli kuhudumia kompyuta nyingi, lakini kwa sharti kwamba isizihudumie moja kwa moja. Lazima iwepo diski ya kati inayokusanya kwanza. Diski hiyo ikishakuwepo, tepu inakuwa suala la hesabu: data ni kubwa kiasi gani, na itunzwe kwa miaka mingapi.

Kilicho Dodoma na kilicho mezani

Tuanze na yule wa tatu, kwa sababu ana haki kwa sehemu kubwa. Malipo ya serikali hupita MUSE, ununuzi hupita NeST, makusanyo ya halmashauri hupita TAUSI, na taarifa za watumishi ziko kwenye mfumo wa utumishi. Mtumishi wa Mwanhuzi au Lagangabilili anapofungua mifumo hii, kompyuta yake ni dirisha tu la kuchungulia hifadhi iliyo mbali. Dirisha likivunjika, anahamia lingine na kuendelea. Kazi ya kutunza nakala za mifumo hiyo ni ya wenye mifumo, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, ilikusudia mambo ya aina hiyo yasimamiwe kwa utaratibu mmoja. Afisa TEHAMA wa halmashauri asijisumbue kutafuta tepu ya kuhifadhia MUSE.

Lakini hebu tuangalie kinachobaki mezani. Kuna majedwali ya Excel ambamo bajeti hupikwa kabla haijaingizwa kwenye mfumo wowote. Kuna mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani, barua, ripoti za ukaguzi wa ndani na majibu ya hoja zake, ramani za upimaji, na picha za miradi zilizopigwa kila hatua kuanzia msingi hadi kupauliwa. Hospitalini kuna picha za eksirei ambazo ukubwa wake hauna uhusiano na karatasi yoyote. Nje ya serikali kuna viwanda vya kuchambua pamba, shule binafsi, na vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, vinajikuta na orodha za wakulima, uzito waliopeleka na madeni ya pembejeo. Hakuna mfumo wa taifa unaokuja usiku kuchukua faili lililohifadhiwa kwenye uso wa kompyuta ya mhasibu kwa jina la "FINAL YA MWISHO 2".

Ili hesabu zifuatike, tuchukue ofisi ya mfano yenye kompyuta 60, kila moja ikiwa na gigabaiti 40 za mafaili ya kazi. Jumla ni terabaiti 2.4. Tuseme pia kwamba kwa siku moja asilimia 2 ya mafaili hayo hubadilika, yaani gigabaiti 48. Ofisi halisi itakuwa na namba zake, lakini uwiano hautakuwa mbali na huu, na ndio utakaotupa majibu.

Tepu ya leo

Anayecheka tepu anafikiria kaseti ya muziki. Aina iliyotawala leo inaitwa LTO, na ilipotoka mwaka 2000 kaseti yake moja ilibeba gigabaiti 100. Kizazi cha 7, cha mwaka 2015, kinabeba terabaiti 6. Kizazi cha 9, cha 2021, terabaiti 18. Kaseti yenyewe inaenea kiganjani, mraba wa sentimita kama 10 na unene wa sentimita 2, na ndani ya ile ya kizazi cha 7 kuna utepe wa mita 960, karibu kilomita nzima. Wanaoitumia si watu waliochelewa. Februari 2011, kosa katika programu ya Google lilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zilizokuwa kwenye diski nazo ziliguswa na kosa hilo hilo. Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu.

Kilichoziokoa ni sifa moja ambayo ndiyo sababu pekee ya maana ya kuizungumzia tepu hapa Bariadi: kaseti iliyotolewa kwenye mashine haijaunganishwa na kitu chochote. Kosa la programu haliifikii, virusi havina njia ya kuipata, na radi haipiti kwenye rafu ya kabati. Haitumii umeme wala haizunguki. Na katika Kanda ya Ziwa, ambako radi ni habari ya kila masika na kebo ya mtandao iliyonyooshwa kutoka jengo moja kwenda jingine ni mwaliko wake, sifa hiyo si ndogo.

Kasoro zake nazo zisifichwe. Ya kwanza inaanzia kwenye boksi. Kaseti ya kizazi cha 7 huandikwa kwa maandishi makubwa terabaiti 15, na mnunuzi hudhani ndicho kiasi alicholipia. Namba hiyo inadhani data itasindikwa hadi ipungue mara mbili na nusu. Nyaraka zilizoskaniwa, picha za simu na picha za hospitali zilikwisha kusindikwa tangu zinatengenezwa, hazipungui tena. Kwa ofisi za kwetu, kaseti hiyo ni ya terabaiti 6 na hesabu ifanywe hivyo. Ya pili ni kwamba utepe husomwa kwa mstari. Kupata faili lililo mwishoni lazima utepe usafiri hadi huko, kwa hiyo tepu ni mahali pa kutunzia, haifai kufanyia kazi ya kila saa. Ya tatu ni vizazi vyenyewe. Mashine za hadi kizazi cha 7 zilisoma kaseti za vizazi viwili nyuma. Za kizazi cha 8 zinasoma kimoja tu. Kaseti ya kizazi cha 6 iliyotunzwa vizuri kabatini haitasomeka kwenye mashine ya kizazi cha 8, hata kama utepe wake hauna mkwaruzo. Wauzaji husema kaseti inadumu miaka 30. Huenda ni kweli, ila mashine ya kuisoma haidumu kiasi hicho.

Mashine yenye njaa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mikutano hulipita. Watu hudhani tatizo la tepu ni kwamba iko taratibu. Ukweli ni kinyume chake. Mashine ya kizazi cha 7 huandika hadi megabaiti 300 kwa sekunde, na hata ikijipunguza ili kuendana na anayeilisha, haishuki chini ya takriban 100. Upande wa pili, ofisi nyingi bado zina swichi za megabiti 100, ambazo kwa vitendo hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Swichi nzuri za gigabiti moja hupitisha kama 110. Maana yake ni kwamba kompyuta moja ikimwaga mafaili yake moja kwa moja kwenye tepu kupitia swichi ya kawaida, inailisha mashine kama sehemu ya kumi ya chakula chake cha chini kabisa.

Mtu wa Bariadi hahitaji kwenda mbali kuielewa picha hii. Mashine ya kuchambua pamba imetengenezwa ipokee pamba mfululizo. Ukiitupia konzi moja moja, injini inanguruma na robota halijai. Tepu ina ubaya wa ziada. Data ikikatika, utepe hauwezi kusimama hapo hapo. Unapitiliza, unasimama, unarudi nyuma, unajipanga, unaanza tena. Ukisimama karibu na mashine iliyo katika hali hiyo utaisikia: inavuma, inanyamaza, inarudi, inavuma, usiku kucha. Utepe unasuguliwa mahali pale pale mara mamia, kichwa cha kusomea kinachakaa, na kazi ya saa mbili inachukua usiku wote na haijaisha. Asubuhi msimamizi anaandika ripoti kwamba tepu ni mbovu.

Hesabu ya ofisi yetu ya mfano inaonyesha wazi. Terabaiti 2.4 zikipita njia ya megabaiti 11 kwa sekunde huchukua muda wa saa 60, siku mbili na nusu bila kupumzika. Zikipita njia ya 110, ni muda wa saa 6 hivi. Mashine yenyewe, ikilishwa sawasawa, inaziandika kwa saa 2 na dakika 13. Kwa hiyo fedha iliyoongezwa kwenye mashine ya kasi zaidi, huku swichi zikiwa zile zile, haiongezi chochote isipokuwa njaa.

Kuna dawa mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kuchanganya: kompyuta kumi au zaidi zinatuma kwa wakati mmoja, seva yenye njia ya gigabiti inapokea na kusuka mikondo yote kuwa mmoja unaoitosha tepu. Mashine inashiba. Siku ya kurudisha ndipo deni linapodaiwa, kwa sababu mafaili ya kompyuta moja yametawanyika vipande vipande katikati ya mafaili ya nyingine, na kuyakusanya ni kupitia utepe mrefu kwa ajili ya kidogo. Dawa ya pili ni kukusanya kwanza kwenye diski, kisha kumimina kutoka diski kwenda tepu kwa mkupuo. Hii si hekima mpya. Programu ya Amanda, iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo la diski ya kupokelea, na Bacula, inayopatikana bure, inaruhusu jambo hilo pia. Lakini diski hiyo nayo isiwe moja ya bei ya chini. Ikiwa na mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, diski moja inaweza isifikishe hata megabaiti 100. Zinatakiwa kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja.

Upo pia ukuta ambao hakuna mashine inayouvunja, nao umo katika tabia za ofisi. Programu za nakala hupangwa kufanya kazi saa 8 usiku, mtandao ukiwa umetulia. Lakini saa 9:30 alasiri mtumishi anafunga kompyuta, anazima swichi ya ukutani kama alivyoagizwa kubana umeme, na mwenye wasiwasi wa radi anachomoa na plagi kabisa. Anafanya sawa. Seva inapoamka usiku na kuita kompyuta 60, zinaitika tatu. Kwa ofisi za aina hii ratiba inapaswa kufuata watu: mafaili yaliyobadilika yachukuliwe mchana, kidogo kidogo, wakati kompyuta iko hai. Gigabaiti 48 zikigawanywa kwa kompyuta 60 ni chini ya gigabaiti moja kwa kila kompyuta, kazi isiyofika dakika moja na nusu hata kwenye swichi ya zamani. Diski inaweza kupokea matone hayo saa yoyote bila kulalamika, tepu haiwezi. Hapo ndipo wazo la kuunganisha tepu moja kwa moja na kompyuta za watumishi linapokufa, na sioni namna ya kulifufua.

Ahadi ya hifadhi ya mbali

Wanaopinga tepu husema: kwa nini mashine yoyote, wakati mafaili yanaweza kupelekwa kwenye wingu au kituo cha taifa cha data? Hoja hii ina nguvu kuliko wapenzi wa mitambo wanavyokiri. Nakala iliyo mkoa mwingine inasalimika hata jengo zima likiungua. Haihitaji mtu wa kubadilisha kaseti, wala haipati vumbi la Bariadi la Agosti. Kwa chama cha msingi chenye kompyuta moja na gigabaiti 20 za hesabu, hili ndilo jibu, na yeyote anayekiuzia chama hicho mashine anakidhulumu.

Ugumu unakuja na ukubwa. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde, ikitumiwa yote bila mtu mwingine kugusa, ingepeleka terabaiti 2.4 kwa siku 22. Mabadiliko ya siku moja, gigabaiti 48, yangechukua muda wa saa 10 na dakika 40, na kwa kuwa kompyuta huzimwa jioni, muda huo ungekuwa ndio ule ule ambao MUSE na NeST zinaihitaji njia hiyo. Lakini swali zito zaidi ni la kurudisha. Siku seva imeungua, ofisi itasubiri siku 22 ikipakua? Tepu ya terabaiti 6 iliyohifadhiwa Maswa inafika Bariadi kwa gari, kilomita 49.7 za lami, kabla chai haijapoa.

Na mbali si lazima pawe salama. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ya kwenda nje ikadorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala zake kwenye seva za ng'ambo alikuwa nazo, ila kuzifikia kulikuwa kwa shida. Kuna mfano mkubwa zaidi. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ikateketea. Haikuwa na nakala mahali pengine, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala ya nje. Kwa hesabu ya ukubwa peke yake, kaseti 48 za kizazi cha 9 zingeibeba yote na kuenea kwenye rafu moja. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu zote duniani ilijikuta haina rafu hiyo.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Taarifa za wagonjwa wa Simiyu si picha za harusi. Hospitali haiwezi kuzipandisha kwenye akaunti ya bure ya mtumishi na kuita hiyo bakapu.

Diski, ndugu wa karibu

Mpinzani halisi wa tepu si wingu, ni diski ya kuchomeka. Inauzwa Bariadi mjini, haihitaji mtaalamu, na terabaiti 4 zinaingia mfuko wa koti. Udhaifu wake mkubwa ni urahisi wenyewe: kwa kuwa ni rahisi kuichomeka, huachwa imechomekwa. Virusi vya kudai fedha, vya aina ya WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017, hufunga mafaili ya kila diski vinayoiona, nakala pamoja na asili. Juni 2024 huduma ya taifa ya maabara ya Afrika Kusini, NHLS, ilishambuliwa, na washambuliaji hawakuishia kwenye mifumo ya kazi. Walifuta na seva za nakala rudufu. Hospitali zilikaa wiki kadhaa majibu ya vipimo yakitolewa kwa simu na karatasi. Nakala zilikuwepo. Tatizo ni kwamba zilikuwa zinafikika.

Hapa pana mkanganyiko mwingine wa kuondoa. Seva yenye diski mbili zinazoakisiana huitwa na wengi "yenye bakapu". Diski hizo zinalinda dhidi ya kufa kwa diski moja, basi. Mtumishi akifuta jalada kwa bahati mbaya, limefutika kwenye zote mbili katika sekunde ile ile.

Hata hivyo, haki itendeke. Diski tatu za kuchomeka zinazozungushwa, moja ikiwa kazini, moja kabatini, moja jengo jingine, zinatoa ulinzi uleule ambao nimeusifia kwa kaseti. Kilichoiokoa Gmail ni nakala kuwa nje ya waya, na diski iliyochomolewa nayo iko nje ya waya. Tofauti inabaki kwenye bei na uvumilivu. Mashine mpya ya tepu huanzia dola elfu kadhaa, lakini baada ya hapo kila kaseti ni nafuu kwa terabaiti. Diski haina gharama ya kuanzia, lakini kila terabaiti inalipiwa upya, na diski ikianguka sakafuni imekufa, kaseti mara nyingi haifi. Kwa terabaiti 2.4, mstari wa gharama za tepu haujakaribia hata kukutana na wa diski. Kwa makumi ya terabaiti zinazotakiwa kukaa miaka, mistari inapishana.

Nani atashika kaseti

Suala la tepu kwa mkoa kama huu si la kiufundi peke yake. Kaseti inapenda nyuzi joto 16 hadi 25 na hewa isiyo na vumbi. Chumba cha seva ambacho kiyoyozi chake huzimika umeme ukikatika hakiwezi kuwa makazi yake ya miaka. Mtu lazima aitoe, aiandike namba, aipeleke jengo jingine, na mwenzake aipokee kwa saini, kama masjala inavyopokea jalada. Ikiwa ina taarifa za wagonjwa, isimbwe. Mashine za LTO tangu kizazi cha 4 zinaweza kufanya hivyo zenyewe. Ila ufunguo ukipotea, kaseti imekuwa plastiki.

Nadhani hapa ndipo nakala nyingi hufia, si kwenye radi. Afisa TEHAMA anapohamishwa, nenosiri linahama naye. Orodha inayoonyesha faili gani liko kaseti gani imo kwenye seva ile ile ambayo kaseti zinailinda. Ikiungua, kilichobaki ni kilomita za utepe usio na faharasa, na programu italazimika kuusoma wote ili kuijenga upya. Nakala ya orodha hiyo, jina la programu na toleo lake, na ufunguo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, vikae kwenye kasiki la mtu asiye wa TEHAMA. Mhasibu anafaa. Tayari anatunza vitu asivyovigusa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fundi. Mashine ikiharibika Bariadi, nani ataitengeneza? Jibu la kweli ni kwamba itasafirishwa, na wakati huo kaseti zote hazisomeki. Kifaa kinachotumiwa na wengi kinapokufa, kinakufa kwa wote. Pingamizi hili halijibiki kwa maneno. Linajibika kwa mashine ya pili inayoweza kusoma kaseti zile zile, jambo ambalo halmashauri moja haiwezi kulibeba na mkoa unaweza.

Mizani

Nikizipima hoja hizi pamoja, halmashauri moja peke yake haina sababu ya kununua mashine ya tepu. Inahitaji seva ya diski kadhaa, swichi za gigabiti, programu inayochukua mabadiliko mchana, na diski tatu za kuzungusha. Gharama ya swichi itaudhi, kwa sababu haina sura ya kukatiwa utepe, lakini bila hiyo mengine yote yanabanwa kwenye megabaiti 11. Chama cha msingi kiende kwenye hifadhi ya mbali iliyo ndani ya nchi na diski moja ya ziada. Tepu inaanza kuwa na maana pale data inapokuwa ya kutunzwa kwa miaka na haibadiliki: picha za hospitali, ramani, nyaraka zilizoskaniwa za halmashauri zote sita. Hapo mashine mbili za mkoa, moja Bariadi na nyingine Maswa, zikilishwa na seva za diski zilizokwisha kukusanya, zingefanya kazi ambayo hakuna diski ya mfukoni wala njia ya megabiti 10 inayoiweza.

Atakayesema kwamba kuiacha tepu kwa sasa ni kusubiri tena, nakubali, lakini seva ya diski haisubiri chochote, na yenyewe ndiyo itakayotoa namba zinazokosekana mikutanoni. Iwekwe leo, iachwe ikusanye kwa miezi 12, kisha isomwe: imejaa kiasi gani, na kati ya kilichomo ni kiasi gani hakijaguswa tangu kilipoingia. Katikati ya mwaka huo, siku isiyotangazwa, mkaguzi wa ndani achague muhtasari mmoja wa baraza wa miaka mitatu iliyopita na aombe urudishwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa nao, na mtu ambaye si afisa TEHAMA, saa ikiwa imewekwa mezani.